Sura ya Saba: Kikosi Kilichokwenda na Maji

Mwezi wa Februari, kaskazi inapoanza kupoa, maji ya mkondo wa Wasini hutulia. Ndio msimu ambao wageni humiminika kwenda Kisite kuogelea juu ya matumbawe, na wavuvi wa Shimoni hupata nafasi ya kutoka nje ya miamba, mbali, wakarudi na nguru na kolekole. Namwomba msomaji aushike mwezi huu. Habari ya sura hii ilitokea Februari, kwenye bahari hii hii, mbali upande wa matlai, na safari yake ilianzia Kilindini, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapa.

Nimewahi kuwauliza wazee wa Shimoni na Wasini ni chombo gani kilichozama kikaondoka na watu wengi kuliko vyote katika kumbukumbu zao. Wa kwanza aliitaja feri ya Mtongwe, iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikaua watu wapatao 270. Mwingine akaitaja MV Bukoba, ya tarehe 21 Mei 1996, ingawa ile ni ya ziwani. Wengine walitaja mashua na majahazi ya hapa hapa, kila chombo na nahodha wake na ukoo uliofiwa. Hakuna aliyeitaja Khedive Ismail. Siwalaumu, maana nami nilikuwa mtu mzima tayari nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza. Meli hiyo iling'oa nanga Kilindini wiki ya kwanza ya Februari 1944 ikiwa na watu 1,511. Waliookolewa ni 214. Kundi kubwa kuliko yote lililokuwa ndani lilikuwa la wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301.

Kabla sijawapandisha melini, sina budi kueleza jinsi watu wetu walivyofika kwenye mizinga, kwa sababu njia hiyo ilikuwa ndefu.

Neno lenyewe limetoka msituni. Mzinga ni gogo lililotobolewa likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Chuma kilichotobolewa vivyo hivyo, kikatema moto mahali pa nyuki, nacho kikaitwa mzinga. Katika miji yetu ya pwani mzinga ulikuwa pia sauti ya heri: ulilia magharibi ya Ramadhani, watu wakafungua tende. Lakini upande huu wa kusini, kuanzia Gazi hadi Vanga, mzinga ulikuja zaidi kama kitu cha kupigwa nacho. Mwezi wa Agosti 1895 Admirali Harry Rawson alishusha mabaharia wake Mombasa, wakapenya bara na silaha zao hadi Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi, wakaiteka tarehe 17. Miaka 19 baadaye Wajerumani walivuka mpaka kupitia Vanga, wakapanda pwani mpaka Gazi, na Oktoba 1914 wakazuiwa hapo. Januari 1915 vita vikarudi mpakani, Jasini, siku mbili za risasi katikati ya mashamba ya mkonge. Mwele Ndogo, Januari 1916, aliuawa Meja Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa ameunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa. Watu wa Kwale waliishi katikati ya vita hivyo. Waliobeba mizigo walikuwa wao, mashamba yaliyokanyagwa yalikuwa yao, na aliyeshika kamba ya mzinga akaivuta alikuwa mtu mwingine.

Hilo lilipangwa. Baada ya maasi ya mwaka 1857 kule India, Waingereza walikuwa waangalifu sana juu ya nani apewe mizinga, na woga huo walisafiri nao. Keya, kama watu wetu walivyoliita jeshi la KAR (King's African Rifles), lilikuwa jeshi la miguu: bunduki, bombomu, viatu na mwendo mrefu. Mzinga unataka mambo mengine. Anayeupiga haioni shabaha yake. Mbele kuna mwangalizi mwenye darubini na ramani, kati yao kuna mtu wa simu au redio, na nyuma kuna mtu anayepiga hesabu: umbali, pembe, upepo, joto la hewa, kiasi cha baruti. Kosa la tarakimu moja linaweza kumwangushia kombora mwenzako. Kumfundisha Mwafrika kazi hiyo kulikuwa ni kukiri kwamba anaweza kuaminiwa na hesabu, na silaha inayofika mbali, na siri za ramani. Serikali ya kikoloni ilikiri hivyo kwa kuwa vita vya pili vya dunia viliibana.

Na vita viliibana kwelikweli. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Kijapani zilipiga Colombo, na tarehe 9 zikapiga Trincomalee. Jeshi la majini la Uingereza la Mashariki likarudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikageuka makao makuu ya bahari nzima ya Hindi. Shule ya Allidina Visram, iliyo juu ya bahari, ilichukuliwa na wataalamu wa kufumbua mafumbo ya redio za Kijapani, wakawa wanasikiliza maadui walio maelfu ya kilomita kutoka kwenye madarasa ya watoto wetu. Wakati huo huo vijana walikuwa wakiandikishwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kenya peke yake ilitoa zaidi ya 90,000 katika vita vile. Betri ya 56 ya Uganda ilikuwa na mizinga yake Madagaska mwaka 1942, pamoja na Brigedi ya 22. Kisha zikaundwa rejimenti kamili: ya 301, ya 302, ya 303.

Kwa muundo wa Kiingereza wa wakati ule, rejimenti ya namna hiyo ilikuwa na mizinga 24, na mzinga uliozoeleka ulikuwa ule wa ratili 25, yaani kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 11 na kidogo. Watu sita waliuhudumia. Ulifika kilomita 12. Ungewekwa hapa gatini Shimoni, kombora lingepita juu ya kisiwa chote cha Wasini likaangukia maji ya Kisite. Karibu na watu wa mizinga walikuwepo madereva, mafundi, wapishi, watu wa redio, makarani. Lugha iliyowaunganisha vijana waliotoka Maziwa Makuu hadi Ziwa Nyasa ilikuwa Kiswahili, hicho cha jeshini ambacho wasomi wa pwani walikicheka, kilichopunguziwa ngeli na kukatwa viambishi, lakini kilichowawezesha vijana wasiokuwa na lugha moja kupokea amri moja kwa wakati mmoja. Nami nakiheshimu kwa hilo. Huenda ndicho Kiswahili cha mwisho kilichosikika kwenye meli ile.

Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilikuwa Ceylon ikijiandaa kwa vita vya Burma, ambayo askari wetu waliiita Bama. Rejimenti ya 301 ilikuwa njiani kuelekea huko huko Ceylon.

Khedive Ismail ilikuwa meli iliyokwisha kubadili majina na bendera. Iliundwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1922, ikasafiri kwa Wachile ikiitwa Aconcagua, mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri iliyoipa jina la mtawala wao wa zamani, na mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kubebea askari. Iliondoka katika msafara wa meli tano, jina la msafara likiwa KR 8. Nyingine zilikuwa City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Meli zote tano zilibeba zaidi ya watu 6,000. Ndani ya Khedive Ismail, pamoja na askari wa mizinga, walikuwemo mabaharia wa jeshi la Uingereza, na wanawake zaidi ya 80: wauguzi na wanawake wa vikosi vya msaada.

Walinzi walikuwa watatu: Hawkins, manowari kubwa ya kizazi cha vita vya kwanza, na manowari mbili nyepesi zenye kasi, Petard na Paladin. Hawkins haikuundwa kuwinda nyambizi. Kwa hiyo meli tano zilizojaa watu zililindwa na wawindaji wawili. Hapa sitauma maneno: huo ulikuwa ulinzi mdogo kupita kiasi kwa roho 6,000, kwenye bahari ambayo nyambizi za Kijapani zilikuwa zikizamisha meli mwaka hadi mwaka. Wakubwa waliopanga walijua nyambizi zimo.

Wiki nzima walikwenda wakiikabili kaskazi. Jumamosi, tarehe 12 Februari, walikuwa wakiingia katika mlango wa bahari wa visiwa vya Maldivi ulio digrii moja na nusu juu ya ikweta. Ilikuwa alasiri, kama saa nane na nusu, bahari shwari na jua kali. Wengi walikuwa chini, kwenye sehemu za kulala askari, na wengine ukumbini, ambako kulikuwa na muziki.

Nyambizi iliyokuwa ikiwasubiri ilikuwa I-27, chini ya Kamanda Toshiaki Fukumura. Iliachia topido kadhaa kwa mpigo. Mbili ziliipata Khedive Ismail.

Mtu aliyezoea bahari anajua chombo huomba muda. Jahazi likipasuka, nahodha ana nafasi ya kuita, kukata tanga, kutupa shehena, kuwafunga watoto kwenye milingoti iliyolegea. Khedive Ismail ilizama katika muda usiozidi dakika tatu. Kwa dakika tatu, mtu aliye sitaha ya chini, akiwa na ngazi mbili mbele yake, taa zimezimika, chuma kimeinama na mamia wengine wako gizani pamoja naye, hana njia. Waliofika majini ni wale waliokuwa juu, au karibu na tundu, au waliotupwa na maji yenyewe. Ujuzi wa kuogelea haukuwasaidia waliofungiwa chini.

Kisha likaja jambo ambalo kila mara nikilifikia kalamu husita.

Paladin ilirudi kuokoa, ikashusha mashua zake. Petard ikageuka kutafuta nyambizi, na kifaa chake cha kusikilizia kikaonyesha iko wapi: ilikuwa imejificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Huenda Fukumura alijua hakuna nahodha atakayependa kutupa mabomu hapo. Upeo wa macho ulikuwa na meli nne nyingine zilizojaa binadamu, na nyambizi bado ilikuwa na uwezo wa kuua. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, aliamuru mabomu ya chini ya maji yatupwe. Yalilipuka katikati ya walionusurika. Watu waliokuwa wameshinda chuma na giza, wameshika ubao, wameanza kuitana, waliuawa na wenzao, mbele ya mabaharia waliolazimika kutazama kutoka sitahani.

Nimesoma watu wanaomtetea Egan na wanaomhukumu. Nimekaa na jambo hili kwa miaka, na nasema hivi: sitamhukumu. Asingetupa, huenda nyambizi ingezamisha meli ya pili, na sura hii ingekuwa na hesabu nyingine. Ila sikubali vilevile kisa hiki kisimuliwe kama fumbo la maadili ya ofisa mmoja wa Kiingereza, kama vile waliokuwa majini walikuwepo tu ili yeye apimwe. Majini walikuwemo vijana wenye majina. Kila mmoja alikuwa na mama yake mahali fulani akipalilia shamba Jumamosi hiyo.

Mabomu yaliilazimisha nyambizi kuibuka. Mizinga ya manowari iliipiga bila kuiua. Paladin ilitaka kuigonga kwa omo lake, ikaambiwa iache, ikageuza kwa kuchelewa, na bawa la nyambizi likaipasua ubavu. Petard ikaanza kuachia topido moja moja. Ya saba ndiyo iliyopata. I-27 ikapasuka na kuzama, saa mbili na zaidi tangu iliposhambulia.

Waliookolewa walihesabiwa: wanaume 208, wanawake 6. Waliokufa ni 1,297. Katika hao walikuwemo wanawake 77, na kwa wanawake waliokuwa wakitumikia majeshi ya Uingereza na makoloni yake hakuna siku moja iliyoua wengi kuliko hiyo. Rejimenti ya 301, iliyochukua miaka kufunzwa, ilikwisha kabla ya kufika uwanja wa vita wa Bama.

Nadhani hapo ndipo penye sababu ya kimya chetu. Historia ya jeshi huandikwa kwa mapigano. Rejimenti za 302 na 303 zilifika Bama na Divisheni ya 11, zikashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za monsuni, barabara ikiwa tope la magotini, malaria ikichukua watu kila siku. Novemba walifika Kalemyo, na Desemba waliingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Hayo yana ramani na nishani. Waliorudi walikuja na midomo yao. Waruhiu Itote, aliyepigana Bama, alikuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Bildad Kaggia aliyevaa sare vita vile vile alikaa kizimbani Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Walikuwa wameona Mzungu akiogopa na akifa, wakarudi na swali ambalo ukoloni haukuwa na jibu lake. Watu wa 301 walikuwa na elimu ile ile na pengine zaidi, kwa kuwa kazi yao ilidai hesabu na ramani. Ni kizazi cha mafundi, walimu na wabishi ambacho Kenya, Uganda na Tanganyika zilikipoteza alasiri moja.

Sababu nyingine ni siri. Wakati wa vita habari za meli zilizozama hazikutangazwa, adui asije akajua amefanikiwa. Familia iliyopata barua ya serikali ilipata karatasi isiyokuwa na mahali. Kwa mtu wa bara, aliyekufa bila mwili kurudi nyumbani ni jeraha lisilofungwa, kwani mila nyingi zinadai udongo wa nyumbani. Kwetu pwani tuna faraja mbili. Ya kwanza ni kwamba aliyekufa maji ni shahidi, hilo tumefundishwa chuoni tukiwa wadogo. Ya pili ni sala ya ghaibu, inayosaliwa bila jeneza mbele ya safu. Tumewasalia wavuvi wetu wengi namna hiyo, tukakaa matanga, tukagawa sadaka. Kwa hiyo naona pwani ndiyo yenye lugha na desturi ya kuwabeba wafu hawa, Waislamu kwa Wakristo na wa dini za mababu, hata kama wengi walitoka mbali na chumvi. Udongo wa mwisho waliokanyaga ni wa Kilindini. Nchi ya mwisho waliyoiona nyuma ya tezi ni hii yetu.

Hapa Shimoni, hatua chache kutoka lilipo pango ambalo watumwa walifungiwa, kuna makaburi ya Wazungu wa enzi za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyopewa hati mwaka 1888. Ni mawe machache, na juu yake majina. Watalii huonyeshwa pango na huonyeshwa makaburi, na ni haki waonyeshwe vyote viwili. Ukiyasoma yale majina unaelewa jiwe linaweza kufanya nini: mtu aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita, ambaye hana jamaa hata mmoja Kwale, bado anaitwa kwa jina lake na mtoto wa shule wa Shimoni. Mwezi wa Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba baada ya vita vya kwanza Waafrika wengi sana, hasa wapagazi, hawakupewa hata hicho, jina.

Wa Rejimenti ya 301 wana ukumbusho. Uko Nairobi, kwenye Makaburi ya Vita ya Barabara ya Ngong, katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliowekwa kwa ajili ya wanajeshi wasio na kaburi, wakiwemo waliozama na Khedive Ismail. Mombasa, walikopandia meli, sijaona jiwe lao. Naiomba Kaunti ya Mombasa iliweke, Kilindini au Likoni, mahali ambapo wanaovuka feri kila siku wanaweza kulisoma, na maandishi yawe ya Kiswahili.

Na wewe msomaji, kama kwenu kuna babu au mjomba aliyekwenda vitani na mizinga mwaka 1943 au 1944 na hakurudi, kama kuna picha ya kijana mwenye kofia ya Keya ambayo hakuna anayejua ilipigiwa wapi, waulize wazee waliobaki wakiwa bado wapo. Andika jina lake, kijiji chake na jina la mama yake. Kisha ongeza tarehe: 12 Februari 1944.